Sahihi ya Profesa

"Siafu, hapa Mzinga. Ndege inatua saa tisa. Vijana wako porini, hawajui waelekee wapi. Nipe mahali."

"Saa ngapi sasa?"

"Nane na nusu."

Siafu alirudisha redio kiunoni, karibu na bastola yake ya Browning, akausukuma mlango wa chumba cha kompyuta kwa kiatu. Kitasa kilikuwa kinanata, asingekigusa ng'o. Ndani kulinuka soksi na sigara. Juu ya mashine kulikuwa na kikombe cha chai, na ndani ya chai mende ameelea.

Aka! Na hii ndiyo idara ya usalama.

"Karibu, dada," alisema mkuu wa mafundi. Wote walimwita Profesa, naye alilipenda sana jina hilo. "Hesabu imefika nusu. Bado kama saa moja. Mashine imechoka, tufanyeje?"

Antena tatu zilikuwa zimenasa redio ya wauza silaha. Kompyuta ilitakiwa ikokotoe watatua wapi. Safari iliyopita jibu lilichelewa, vijana wakaenda kwa kubahatisha, na wawili wakarudishwa wamefunikwa shuka. Leo mdogo wake Siafu alikuwa porini.

Akafungua skrini ya pili, akaandika programu ya mistari sita. Kujumlisha namba kamili, mara milioni.

Ikamaliza kabla hajakohoa.

Akaweka desimali. Akangoja. Akangoja tena.

"Chipu ni 486 DX," alisema. "Ina sehemu yake ya kupigia hesabu za desimali. Mbona haitumiki?"

"Mfumo wenyewe wa bure, dada. Vitu vya wanafunzi hivyo."

"Wa bure, lakini haufichi kitu."

Alifungua faili la kuwashia mashine. Neno moja lilikuwa limechomekwa mwishoni: no387. Liliuambia mfumo uisahau sehemu ile, kila desimali ipigwe kwa programu, polepole, kama mtu anayehesabia vidole.

Juu yake palikuwa na sahihi na tarehe. Profesa. Siku tatu kabla ya wale wawili kufa.

Hapo kila fundi aliweka sahihi kwenye kila badiliko. Profesa mwenyewe ndiye aliyewafundisha, akawakaripia waliosahau. Siku ya usaliti, mkono wake ulisaini kwa mazoea.

Siafu aliivuta kibodi. Akalifuta neno.

"Ukizima, hesabu yote inapotea!" Profesa alifoka. Mkono wake ukaingia kwenye droo.

Browning ilimtangulia.

"Toa mkono. Mtupu."

Akabonyeza swichi. Skrini ikawa nyeusi. Mashine ikakwaruza, ikawaka. Akaanzisha hesabu upya kwa mkono mmoja.

"Dada, tuongee kama watu wazima..."

"Nyamaza. Unanuka."

Dakika nne tu. Ikamaliza.

"Mzinga, andika. Bonde la pili, kusini ya kiwanda cha matofali. Wakimbie!"

Alimfunga Profesa pingu kwenye mguu wa meza, akaishika redio. Saa tisa ikapita. Tisa na dakika tano.

"Siafu, hapa Mzinga. Tumewanasa wote, na mzigo wao. Mdogo wako mzima. Anauliza umempikia nini."

Alicheka kidogo, akafumba macho. Kisha akageukia lile faili na kuandika: Limeondolewa. Siafu. Akaweka tarehe.

Akatoka bila kugusa kitasa, akaenda kutafuta sabuni.