Mifupa ya Mgowe wa Alois

Mahindi ya Alois yalivunwa kwa siku moja. Majirani walikuja kumsaidia kwa mgowe, yaani kazi ya pamoja inayomalizwa kwa chakula na pombe. Alois alichinja nguruwe. Watu walikula, wakanywa, wakaimba hadi jua likatua.

Kesho yake mkewe, Margareth, alishika ufagio. Mifupa ilikuwa imetapakaa uani kote.

"Iache hiyo mifupa," alisema Alois.

"Niache uchafu?"

"Si uchafu, Mama Fidelia. Ni ushahidi. Wapita njia waone kwamba kwa Alois nyama ililiwa."

Margareth alicheka, akaweka ufagio chini. Majivuno ya mume, mara nyingine, ni heri kuyavumilia kuliko kuyabishia.

Basi wapita njia wakaiona mifupa. Na mbwa nao wakaiona.

Wa kwanza kuja alikuwa Tabu, mbwa wa jirani yao, Bibi Oktavia. Bibi huyo alikuwa mjane na aliishi peke yake. Shamba lake lilipakana na msitu, na Tabu ndiye aliyewafukuza nguruwe pori wasile mazao yake. Baada ya Tabu wakaja mbwa wengine, wasiojulikana ni wa nani. Nyama kwenye mifupa ilipokwisha, hawakuondoka. Walilamba kihori cha nguruwe. Walipindua chungu cha machicha ya pombe. Mwishowe walimla kuku aliyekuwa akiatamia, pamoja na mayai yake.

Asubuhi moja Fidelia, mtoto wao mdogo, alikuwa amekaa mlangoni akila kiazi. Tabu alikuja mbio akakinyakua. Hakumng'ata mtoto, lakini Fidelia alianguka, akalia sana. Margareth alimkumbatia.

"Sasa basi!" alisema Alois. "Nakwenda joshoni kuomba dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nitaipaka kwenye nyama, niiweke hapa chini ya kihenge cha mahindi. Nitawamaliza wote."

"Na Tabu je? Bibi Oktavia atalindwa na nani?"

"Angemfunga mbwa wake!"

Margareth alimfuta Fidelia machozi. Alikuwa na hasira na Tabu, na alimhurumia bibi. Yote mawili yalikaa moyoni mwake.

Alois alimkuta Hilari, msimamizi wa josho, akichota maji. Hilari alikuwa amefundishwa kazi ya mifugo na serikali.

"Kamwene, Bwana Hilari."

"Kamwene. Mbona leo huna ng'ombe?"

"Naomba dawa kidogo tu kwenye chupa. Mbwa wananisumbua nyumbani."

Hilari aliweka ndoo chini. "Dawa hii ni sumu, Alois. Haichagui mbwa wala mtu. Sikupi hata tone. Lakini shida yako ni ya kweli, na jioni nitakuja tuitazame."

Jioni Hilari alifika. Aliuzunguka ua wote. Alichungulia kihori. Aliinama akatazama chini ya uzio wa mianzi. Kisha akasimama mbele ya mwenyeji wake.

"Mbwa hawa umewaalika mwenyewe."

"Mimi?"

"Mbwa haji bure. Anafuata tumbo lake, kama wewe na mimi. Hii mifupa ni nani aliyeiacha hapa?"

Margareth aliyatazama mawingu kana kwamba hakusikia. Alois alikohoa.

"Ni ya mgowe," alisema. "Unajua, watu wakipita..."

Hakumaliza. Fidelia alikuwa akitambaa kutoka chini ya kihenge, magoti yote matope. Mkononi alikuwa na mfupa, na ncha yake ilikuwa mdomoni. Alikuwa akiufyonza kwa furaha.

Margareth alimkimbilia, akamnyang'anya mfupa. "Umeutoa wapi, mwanangu?"

Mtoto alionyesha kwa kidole chini ya kihenge. Ni pale pale Alois alipotaka kuweka nyama yenye sumu.

 Alois alikaa chini, akampakata mwanawe, akamshika kwa nguvu.

"Mungu wangu," alisema. "Ningemuua mtoto wangu." Machozi yalimtoka mbele ya mgeni, wala hakuyaficha.

Hilari alikaa karibu naye. "Hukumuua," alisema taratibu. "Ulikuja kwangu kwanza. Sasa tufanye kazi. Mifupa yote chimbieni shimo refu, muifukie, kisha muweke mawe juu. Kihori kifunikwe nguruwe akishakula. Machicha yakae ndani. Kuku walale kwenye banda lililoinuliwa, lenye mlango."

"Na uzio?" aliuliza Margareth.

"Mbwa hawa hawaruki. Wanapita chini, nimeona nyayo zao. Chimbeni mfereji, mzike miguu ya mianzi, mshindilie mawe. Na geti lifungwe kila mara. Geti lililo wazi halitofautiani na uzio uliobomoka."

"Na kama mbwa ameshaingia?"

"Msikimbie, atawafukuza. Msimzibie njia, atapigana. Mshikeni mtoto, simameni, msimkazie mbwa macho. Mfungulieni geti, mkae mbali nalo. Akiona njia, atatoka. Akimng'ata mtu, osheni kidonda hapo hapo kwa sabuni na maji mengi ya kumiminika, kwa muda mrefu. Kisha nendeni hospitali ya Ilembula siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo. Kichaa cha mbwa kikishaanza hakina dawa. Na mkiona mbwa anatoka udenda na kuyumba, kaeni mbali, mniite."

Kesho yake walianza kazi. Bibi Oktavia aliposikia sauti ya jembe kwenye mawe, alikuja na fimbo yake.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibu, bibi."

Margareth alimweleza yote, hata habari ya kiazi. Bibi aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, mjukuu wangu. Mwaka huu nimevuna kidogo. Nilikuwa namwachia Tabu ajitafutie mwenyewe. Sikujua kwamba anajitafutia kwa mtoto wako."

Hasira ya Margareth ikaisha. "Bibi, kila jioni nitakuletea ukoko wa ugali wetu. Wewe ndiwe utakayempa. Akila kwako, atajua kwao ni kwako."

"Nami nitakukatia kamba," alisema Alois. "Mchana umfunge kivulini, na maji karibu. Usiku mfungulie alinde shamba."

Mbwa wale wengine walikuja siku kadhaa. Walinusa uzio, wakazunguka, hawakupata pa kupita wala cha kula. Wakaacha kuja. Tabu naye alibaki kwake, na usiku sauti yake ilisikika mpakani mwa msitu, akiwafukuza nguruwe pori.

Mwaka uliofuata Alois aliita mgowe tena. Safari hii Margareth alipita na kikapu katikati ya wageni, na kila mfupa uliingia humo, kisha shimoni. Asubuhi jirani yao Alfonsi, mtu wa utani, alisimama getini.

"Alois, mbona sioni hata mfupa mmoja? Jana kwako tulikula mboga tu?"

"Nusa vidole vyako, Alfonsi."

Alfonsi alivinusa, akacheka mpaka akajishika mbavu.

Alois alicheka naye. Kisha alifunga geti, akageuka. Kuku alikuwa akipita uani na vifaranga vyake. Fidelia alikuwa amekaa mlangoni, kiazi mkononi. Alikila polepole, akakimaliza chote.