Mkono wa Mkongwe

Kila Jumamosi asubuhi Maswali alikuwa na kazi yake moja asiyomwachia mtu: kufuta miwani ya baba yake. Haikuwa miwani ya kusomea. Ilikuwa miwani minene ya mpira, yenye kuziba macho pande zote, ambayo baba aliivaa aliporuka kutoka ndegeni kwa mwavuli. Maswali aliipumulia, akaisugua kwa kitambaa laini, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaisugua tena. Baba yake hakuwa mtu wa kuvumilia madoa.

Jina halisi la binti huyo walilijua walimu wake tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Maswali, kwa sababu tangu alipojua kusema hajapata kuacha kuuliza. Baba yake naye, kule kiwanjani, aliitwa Mkongwe. Si kwamba alikuwa mzee. Mvi zake zilikuwa za kutafuta. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyemzidi pale kwa kuruka, na kila mwanafunzi mpya alitaka kuruka naye, si na mwingine.

Asubuhi hiyo Mkongwe alinyoosha mkono wa kulia kuchukua kikombe cha chai. Kikombe kiliinuka kidogo, kikayumba, kikamponyoka. Chai ikatapakaa mezani na kikombe kikapasuka sakafuni.

"Kimeteleza," baba akasema haraka.

Maswali aliviokota vipande. Hakikuteleza, na yeye alijua. Jumatano baba alianguka kutoka kwenye ngazi alipokuwa akitengeneza mfereji wa maji ya mvua, akaangukia bega. Tangu siku ile mkono wake wa kulia haukuwa mkono. Alifunga vifungo vya shati kwa kushoto, alifungua mlango kwa kushoto, hata mswaki aliushika kwa kushoto huku akijipaka dawa ya meno shavuni. Mama angeligundua jambo hilo mara moja, lakini mama alikuwa amesafiri na mdogo wake Maswali kwenda kumuuguza bibi.

"Baba, bado mkono una ganzi?"

"Ganzi gani tena?"

"Si ulisema jana huhisi vidole? Kwa nini huendi hospitali? Na leo si unaruka na mjomba Kinyozi?"

"Haya, yameanza!" Baba alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Mkono umechoka tu, mama. Kinyozi amesubiri siku nyingi. Mara mvua, mara upepo. Leo anga ni safi, halafu mimi nimrudishe nyumbani kwa sababu ya kikombe? Watu watasemaje? Sijawahi kukosa kuruka hata siku moja." Kisha akaacha kucheka. "Na usikie vizuri. Ya nyumbani yabaki nyumbani. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Baba."

Alielewa, na hilo ndilo lililomtisha.

Walikuwa na mchezo wao wa kila Jumamosi. Kabla ya kutoka mlangoni, baba alimshika mkono na kuubana, akaubana zaidi, mpaka Maswali apige kelele, "Basi! Basi!" Siku hiyo baba alimpapasa kichwani kwa mkono wa kushoto, akafungua mlango, akatangulia. Maswali alimfuata nyuma akiwa amebeba miwani.

Kiwanja kilikuwa nje kidogo ya mji. Palikuwa na njia ya lami, banda refu la bati, na ndege moja ndogo iliyoondolewa mlango wa ubavuni. Ndani ya banda wakunja miavuli walikuwa wamepiga magoti juu ya mazulia, wakikunja vitambaa na kupanga kamba kwa utulivu mkubwa. Ukutani alichorwa mtu mkubwa mwenye mikono iliyopishana juu ya kichwa. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya shaka. Yeyote aliyeipiga, awe mkubwa au mdogo, shughuli yote ilisimama, na ilikuwa marufuku kumcheka wala kumgombeza.

Kanuni hiyo aliileta Mkongwe mwenyewe, kwa ajili ya wanafunzi waoga. "Msione haya," aliwaambia kila mara. "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake." Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mkuu asipojisikia mwenyewe huvunjika nini.

Kinyozi alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa kijana mwembamba mwenye duka dogo la kunyolea pembeni mwa mtaa wao. Ndiye aliyemnyoa Mkongwe, na ndiye aliyemkalisha mdogo wake Maswali juu ya ubao kitini na kumwimbia ili asilie. Alikuwa na tabia moja: akiogopa, mdomo haufungiki.

"Mwalimu, shikamoo! Nimekuja. Miguu na mikono yote nimekuja nayo, ila roho nimeiacha kitandani imejifunika shuka."

"Marahaba. Utaipitia baadaye," Mkongwe akasema. "Haya, nieleze utakavyofanya."

Kinyozi alimeza mate. Mara zilizopita alikuwa amefungwa kifuani kwa Mkongwe, akibebwa kama mtoto. Leo angevaa mwavuli wake mwenyewe mgongoni. "Natoka nje. Natanua kifua. Natazama saa ya kimo hapa mkononi. Sindano ikifika kwenye rangi nyekundu, navuta kishikio, mwavuli unafunguka."

"Na ukisahau kuvuta?"

"Unanivutia wewe."

"Enhe. Nitakuwa ubavuni mwako, nimeshika mkanda wako. Kule juu mkono wangu ni mkono wako wa pili. Wa kwanza ukiganda, wa pili unafanya kazi."

Kinyozi alishusha pumzi ndefu na kutabasamu. Maswali hakutabasamu. Aliutazama huo mkono wa pili. Ulikuwa umening'inia ubavuni mwa baba, vidole vimelegea kama glavu tupu.

Akaondoka pale mbiombio kumtafuta Kamanda. Kamanda alikuwa mwanamke mrefu aliyewahi kuwa mwanajeshi, na sasa ndiye aliyesimamia kiwanja. Hakuna aliyepanda ndege bila yeye kukubali kwa kichwa.

"Shikamoo, Kamanda."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana hivyo? Leo una swali gani?"

Maswali alifungua mdomo, na hapo, nyuma ya bega la Kamanda, akamwona baba yake amesimama mlangoni mwa banda akimtazama. Hakumkunjia uso. Alimtazama tu.

"Sina swali," Maswali akasema.

"Wewe? Huna swali?" Kamanda aliinua nyusi. Lakini rubani alikuwa akimwita, akaenda. Maswali alibaki amesimama, anajichukia.

Muda ulifika. Wasioruka walikaa nyuma ya mstari mweupe. Mbele ya mstari huo Mkongwe na Kinyozi walikaguana, kama ilivyo desturi: mwalimu hukagua mikanda ya mwanafunzi, kisha mwanafunzi hukagua ya mwalimu. Mkongwe aligeuka kidogo, akakaza mikanda ya Kinyozi kwa mkono wa kushoto huku mwili wake ukiuficha ule wa kulia. Kinyozi naye akavuta mikanda ya Mkongwe mmoja mmoja. Yote ilikuwa sawa. Mikanda kweli ilikuwa sawa.

Injini ikaanza kunguruma. Nikisema, baba hatanisamehe maisha yake yote, Maswali aliwaza. Nimemwambia nimeelewa. Nisiposema, na mjomba akisahau kuvuta je? Alimwona Kinyozi akipunga mkono kwa watu, mdomo bado unakwenda ingawa hakuna aliyemsikia.

Mikono ya Maswali ilikuwa mizito, lakini aliiinua. Akaipishanisha juu ya kichwa.

Rubani ndiye aliyeiona kwanza. Injini ikakohoa, ikazimika.

"Nani ana shaka?" Kamanda akaita.

"Mimi," Maswali akasema, kwa sauti iliyotoka nyembamba mno.

Mtu mmoja alicheka. Kamanda alimgeukia, na mtu yule akakumbuka kwamba hakukuwa na cha kuchekesha. "Sema, mwanangu. Una shaka na nini?"

Maswali akavuka mstari mweupe, akaenda mpaka mbele ya baba yake, akanyoosha mkono.

"Baba, leo hukunibana mkono. Nibane. Huo wa kulia. Nibane mpaka niseme basi."

Mkongwe alisita. Watu wote walikuwa wakitazama. Polepole akauinua mkono wake kwa kusukuma bega, akauweka juu ya wa mwanawe. Vidole vilikuwa na joto, lakini vililala tu pale. Maswali alisubiri. Neno lenyewe lilikuwa jepesi: angesema "Basi!" na kujifanya ameumia, watu wangecheka, injini ingewashwa, na baba angempenda kama jana.

"Bado, Baba," akasema. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka. "Bado sijasikia kitu."

Mkongwe alikunja uso, jasho likamtoka kwenye paji. Vidole havikusogea.

"Bado."

Mkongwe akauachia mkono. Kwa kushoto akafungua kofia yake ngumu na kuivua pamoja na miwani. "Kamanda," akasema, "leo sipandi. Mkono huu haushiki kitu tangu Jumatano."

Kinyozi alijikuta amekaa chini kwenye majani.

Kamanda hakugomba. Alimwambia Mkongwe aende hospitali saa hiyo hiyo, kisha akamgeukia Kinyozi. "Ukitaka kurudi nyumbani, rudi, hakuna atakayekulaumu. Ukitaka kuruka, nitaruka nawe mimi."

Kinyozi alifikiri. "Nikiondoka sasa, Kamanda, hamtaniona tena. Najijua. Twende."

"Na mimi hospitali nitakwenda akishuka," Mkongwe akasema. "Ni mwanafunzi wangu."

Baba na mtoto walikaa kwenye benchi ukutani mwa banda. Ndege ilipaa, ikazunguka, ikawa ndogo. Mkongwe hakumtazama binti yake.

"Baba, umekasirika?"

Baba hakujibu. Na Maswali, ambaye hajapata kuogopa swali, hakuthubutu kuuliza tena. Alikaa ameshika miwani mapajani, akiisugua ingawa haikuwa na doa.

Kisha nukta mbili zikatoka ndegeni, zimeshikana.

"Wametoka," baba akanong'ona. "Sasa anatanua kifua. Vizuri. Sasa anatazama saa." Akainama mbele. "Sasa avute." Akasimama. "Avute. Kwa nini havuti? Vuta, kijana! Vuta!"

Bega lake la kulia lilikuwa likipanda na kushuka, likijaribu kuvuta kwa mkono usioshika. Maswali alifumba macho. Alipoyafumbua, mwavuli wa manjano ulikuwa umechanua angani, na chini yake mtu alikuwa akining'inia salama. Mwavuli wa Kamanda ulichanua baadaye, chini zaidi. Baba akajiangusha kwenye benchi kama gunia.

Kinyozi alitua kwa makalio, akainuka, akaja mbio akivuta mwavuli nyuma yake. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Nilisahau! Wallahi nilisahau! Niliona mawingu, nikasahau saa, nikasahau kishikio, hata jina langu nilisahau. Mkono uliganda! Halafu nikahisi kitu kinavutwa ubavuni, kumbe Kamanda! Mwalimu, ulisema kweli, mkono wa pili una..."

Hakumaliza. Kicheko kilimkauka mdomoni. Alikuwa ameutazama mkono wa kulia wa Mkongwe, na kila mtu pale akautazama.

"Nisamehe, ndugu yangu," Mkongwe akamwambia Kinyozi. Kisha akapiga magoti mbele ya Maswali. "Uliniuliza swali. Ndiyo, nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu umeniumbua mbele ya watu, na nilistahili kuumbuliwa. Kosa ni langu, mama, si lako. Na asubuhi nilikufundisha vibaya. Ya nyumbani hubaki nyumbani, ndiyo, lakini si jambo linaloweza kumdhuru mtu. Siri ya namna hiyo usiitunze, hata aliyekupa awe baba yako. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Baba," Maswali akasema, na safari hii hakuogopa.

Kamanda alikuwa amefika, anapangusa vumbi. "Mficha maradhi, kilio kitamfichua," akasema, akiwatazama walimu wote wa kiwanja. "Tulidhani ile picha ukutani ni ya wageni. Mgeni akiogopa husema, na sote tunamwelewa. Ni sisi wakongwe tunaoona haya kusema tunaumwa. Kadiri watu wanavyokuamini ndivyo unavyodaiwa ukweli zaidi. Kuanzia leo, kabla ya kupanda, kila mwalimu atambana mkono mwanafunzi wake mpaka aseme basi. Asiposema, hakuna kuruka."

Hospitalini daktari alimwambia Mkongwe kwamba mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa begani, na kwamba kama angeendelea kujikaza kisabuni, mkono usingepona. Akafungiwa mkono kifuani, akapewa mpira mdogo wa kuminya kila siku. Kiwanjani aliendelea kwenda, lakini alifundishia chini, huku akiminya mpira wake na kusimulia, bila kuulizwa, jinsi alivyokaribia kumpoteza Kinyozi.

Miezi ilipita. Jumamosi moja, walipokuwa mlangoni, baba alinyoosha mkono wa kulia. Maswali alimpa wake. Vidole vya baba vikakaza kidogo, vikakaza tena, vikazidi kukaza. Maswali alijizuia makusudi, ameuma midomo, ili awe na hakika.

"Basi, Baba!" akapiga kelele mwishowe. "Basi! Basi!"