Samaki wa Kagemulo

Chubwi, chubwi, chubwi. Hakujapambazuka bado, na katika giza la nyumba ya msonge mtu alikuwa akisukasuka kibuyu cha maziwa. Kagemulo alilala macho, akisikiliza. Kwao ziwani siku ilianza kwa makasia. Huku ilianza kwa siagi.

Zama zile watu wa ziwani na wafugaji wa milimani walikuwa wamepigana miaka mitatu. Wafalme wao walipochoka kuzika, walibadilishana mabinti: kila upande umlee binti wa mwenzake mpaka misimu miwili ya mvua ipite. Akirudishwa mmoja kabla ya hapo, mikuki inainuliwa tena. Ndivyo Kagemulo, msichana wa miaka kumi na mitano, alivyofikia kwa Rutabingwa, jemadari wa milimani mwenye vazi la ngozi ya chui, aliyempoteza nduguye katika vita hivyo hivyo.

Kila kitu Kagemulo alitaka kukijua. Kwa nini vibuyu vinafukizwa moshi? Kwa nini ng'ombe anaamkiwa kwa jina?

"Ee mwanangu, hebu acha hata ng'ombe apumue!" alicheka Kemirembe, mke wa jemadari.

Jambo moja hakuliuliza. Siku ya sita, baada ya maziwa ya asubuhi, alifungua furushi la kwao akatafuna samaki mkavu. Koku, binti mdogo wa nyumba ile, akanyoosha mkono. Kagemulo akampa kipande.

Rutabingwa aliwakuta mlangoni.

"Mmekunywa maziwa leo?"

"Tumekunywa, baba."

"Maziwa na samaki, tumbo moja! Ni mwiko! Unataka ng'ombe wangu wakauke maziwa? Funga mzigo wako. Leo hii unarudi kwenu."

Akilini Kagemulo aliwaona kaka zake wakinoa mikuki.

"Sikujua, baba. Kwetu mtoto akiota meno, samaki ndiye chakula chake cha kwanza."

Kemirembe alitoka ndani, akamtazama msichana, akamtazama mumewe. Kisha akaokota kipande furushini, akakinusa, akafumba macho, akatafuna.

"Mama Koku!"

"Na mimi nimekunywa maziwa, bwana. Haya, nirudishe kwetu."

Wanaosimulia vita vile wanakumbuka vilima vilivyotekwa na majina ya mashujaa. Asubuhi ile hakuna aliyeitungia wimbo. Jemadari aliuegemeza mkuki wake ukutani, akaketi.

"Ninyi watatu, msiguse maziwa mpaka mwezi uandame. Mtakula ndizi tupu. Hapa hapa, nyumbani kwangu."

Kagemulo alishusha pumzi. Koku akampandia baba yake mapajani, mkono ukinuka samaki, akausogeza mdomoni pake.

"Baba, na wewe onja."