Basi Lililoachwa Likiunguruma

Kila asubuhi, kiranja wa lango alisimama nje ya shule na kibao chekundu kilichoandikwa ZIMA INJINI. Halmashauri ya mji ilikuwa imepiga marufuku magari kuunguruma yakiwa yamesimama mbele ya shule. Moshi ulikuwa ukiingia madarasani, hasa chekechea, ambako madirisha yalitazamana na lango. Madereva walizima, wengine wakinung'unika.

Gari moja tu halikuoneshwa kibao: basi la wanafunzi, lililoendeshwa na baba wa kiranja huyo. Stata yake ilikuwa mbovu. Likizimwa, haliwaki mpaka lisukumwe. Baba alimwomba binti yake alifumbie macho. Mwenye basi akisikia limekwama, baba alisema, usukani atapewa mtu mwingine. Kiranja akakubali.

Lakini madereva wengine walikuwa na macho. Dereva mmoja wa teksi alikitazama kibao, akalitazama basi. "Binti yangu," akauliza, "hiyo sheria inamwogopa baba yako?" Wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo hakuna aliyezima, na moshi ukarudi kama zamani.

Haukupita muda mrefu, mtoto mmoja wa chekechea mwenye pumu akabanwa kifua. Kiranja alimwona mwalimu akitoka naye mbio mikononi, midomo imebadilika rangi, kila pumzi ikipiga mluzi. Muuguzi aliyemtibu alisema atapona, ila asirudi darasani mle hadi hewa isafike.

Kesho yake kiranja aliinua kibao mbele ya basi.

"Baba, zima."

"Unajua litagoma kuwaka."

"Najua. Tutalisukuma."

Baba akageuza ufunguo. Teksi ya nyuma ikanyamaza, kisha na magari mengine yote. Wanafunzi wakubwa walilisukuma basi hadi mteremkoni, wakimtania mwenzao mnene kwamba anaegemea tu. Likawaka huko, mbali na madirisha. Habari zilipomfikia mwenye basi, alifoka sana, lakini baba hakuficha kitu: alimweleza habari ya mtoto yule. Hapo mwenye basi akaagiza stata mpya.

Mtoto aliporudi darasani, baba alimketisha binti yake.

"Nilikuomba jambo baya, mwanangu, nami nilijua ni baya. Moshi wa gari la baba yako hauna tofauti na wa gari la mtu mwingine. Kifua cha mtoto hakiulizi umetoka wapi. Ulidhani umenisamehe mimi peke yangu, kumbe uliwaruhusu wote."