Mkono wa Kocha

Droo ilikuwa wazi na rekoda haikuwamo. Mhariri aliingiza mkono mpaka mwisho, akatoa kalamu zilizokauka, kifungo cha koti na kipande cha biskuti kisichojulikana umri wake, kisha akainua macho kumtazama msichana aliyesimama mlangoni. Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi.

"Uliiweka humu?"

"Niliiweka humo, mama. Jumamosi jioni, nilipotoka uwanjani."

Ofisini walimwita Chuo, kwa sababu huko ndiko alikotoka, na huko ndiko alikotakiwa kurudi mwisho wa wiki hii akiwa amefaulu mafunzo ya vitendo. Mpaka asubuhi hiyo kosa lake kubwa katika jarida la michezo lilikuwa kumwaga chai juu ya picha ya bondia. Sasa chai ilionekana jambo dogo sana.

Mambo yalikuwa hivi. Jumamosi, baada ya mechi, kocha alimwambia Chuo mbele ya rekoda kwamba anaiacha timu. Chuo alimpigia mhariri simu, mhariri akamwamini, na Jumapili habari ikatoka kwenye tovuti ya jarida. Jioni klabu ikaruka kimanga: kocha hajasema neno kama hilo, na jarida liombe radhi kabla ya saa sita mchana Jumatatu, la sivyo watakutana mahakamani. Kocha mwenyewe alikuwa amezima simu. Sauti yake ilikuwa ndani ya rekoda ile na si mahali pengine, maana pale ofisini sauti hainakiliwi popote mpaka mhariri aisikilize kwanza kwa masikio yake. Utaratibu huo uliwekwa ili habari zisivuje, na kweli hazikuwa zikivuja. Hakuna aliyefikiria kwamba zinaweza kupotea zote kwa mpigo.

"Nikiipata sauti, klabu watanyamaza," mhariri alisema. "Nisipoipata, itabidi niandike kwamba mwanafunzi alitunga, na chuoni kwako nitawaambia hivyo hivyo. Sifurahii kusema haya. Una mpaka saa sita."

Chuo alitoka pale kichwa kikiwa kizito. Kibaya zaidi, alianza kujishuku mwenyewe. Aliiweka kweli kwenye droo ile, au aliota? Tangu Jumamosi mambo yalikuwa hayamwingii akilini. Usiku ule mjomba wake, aliyeisikiliza mechi redioni, alikuwa akimsifia nahodha kwa jinsi alivyouokoa mpira mstarini kabla ya mapumziko. Chuo akamwambia nahodha hakucheza kabisa, aliumia goti wakati wa kupasha misuli. Mjomba akaapa kwamba mtangazaji alimtaja kwa jina mara tatu. Walibishana mpaka shangazi akawaondolea sahani mbele yao, na Chuo akaenda kulala akiwa hana hakika na macho yake mwenyewe.

Alianza na mpigapicha, waliyemwita Fleshi, kwa sababu moja tu: kwenye taa ya kamera yake, iliyolala wazi mezani, zilionekana betri mbili zenye nukta za rangi nyekundu ya kucha. Rangi hiyo ilikuwa ya Chuo. Alizitia alama mwenyewe, maana ofisi nzima ilijulikana kwa wizi wa betri.

Fleshi hakuzunguka. Alisema alizitoa kwenye rekoda saa moja asubuhi hiyo ili akawapige picha waogeleaji, na kwamba yeye mwenyewe ameibiwa betri nyingi kuliko alizoiba.

"Rekoda niliirudisha kwenye droo ileile," alisema. "Ningeitaka yenyewe, ningehangaika kuzitoa betri? Ningeondoka nayo nzima nzima."

Chuo hakujua afurahi au alie. Kumbe aliiweka kweli, hakuota. Lakini kumbe pia mwizi alibeba rekoda isiyo na uhai, isiyoweza kusikilizwa wala kufutwa. Nani anaiba kitu cha namna hiyo?

Aliyefuata ni msanifu wa kurasa, ambaye dada yake ameolewa na msemaji wa klabu. Hapo Chuo aliona amefika. Nani mwingine angependa sauti ya kocha ipotee kuliko shemeji wa klabu? Lakini msanifu alimweleza, bila kuinua kichwa kwenye kompyuta, kwamba gari lake ni bovu na kwamba mhariri ndiye aliyempitia nyumbani na kuingia naye saa tatu. Mhariri alikubali. Wakati droo inafunguliwa, msanifu alikuwa bado anavua koti.

Kati ya saa moja na saa tatu, basi, ofisini walikuwepo watu wawili: Fleshi na mzee Filimbi.

Filimbi hakuwa mtu wa kushukiwa. Alikuwa ameandika habari za soka tangu mhariri akiwa mtoto wa shule, na jina lenyewe alipewa kwa kuwa akianza kusema, mchezo wote unasimama. Ndiye aliyempeleka Chuo uwanjani, yeye akakaa juu kwenye jukwaa la waandishi, Chuo akashuka pembeni mwa uwanja. Kila ukurasa aliouandika alimwita Chuo amsomee kwa sauti, akisema habari nzuri hujulikana kwa sikio. Chuo alimpenda, tena sana, na alipokwenda kwenye meza yake alikwenda kutafuta wa kumfariji zaidi ya wa kumhoji.

"Pole, binti yangu," Filimbi alisema. "Itapatikana tu."

Chuo aliuliza kama alimwona mtu karibu na droo. Filimbi akasema hakuona mtu. Kisha akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Chuo akakumbuka jambo la Jumamosi lililomshangaza. Wakirudi kwenye gari alikuwa amemtania mzee kwamba kocha anamlalamikia, eti leo mzee amemnyima mkono wa salamu. Alitarajia acheke. Badala yake Filimbi aliuliza kama kocha aliyasema hayo rekoda ikiwa inanasa. Chuo akajibu ndiyo.

"Hebu nisomee ripoti yangu ya mechi," Filimbi alisema sasa, akimsogezea karatasi. "Inaingia ukurasani leo. Angalau kichwa chako kipoe."

Chuo akasoma. Alisoma vizuri mpaka aya ya tatu, ambapo nahodha, dakika chache kabla ya mapumziko, aliuokoa mpira mstarini.

Akarudia sentensi ile moyoni. Nahodha alikuwa amekaa benchi na barafu gotini tangu mechi haijaanza. Chuo alikuwa karibu naye kiasi cha kumsikia akiugulia maumivu. Beki wa akiba ndiye aliyeuokoa ule mpira. Mtu mwingine mmoja tu alikuwa amemwambia habari za nahodha yule asiyekuwepo mchezoni, na huyo alikuwa mjomba, nyumbani, sikio kwenye redio. Na Filimbi uwanjani huwa na kifaa cha kusikilizia redio sikioni, eti anafuatilia matokeo ya viwanja vingine.

Chuo alimtazama mzee. Mzee alikuwa akimtazama pia, ila kidogo pembeni, kwenye sikio lake la kushoto.

Ingekuwa ni mtu mwingine, angekimbia kwa mhariri. Chuo alikwenda chooni akafungua bomba, akasimama akiyatazama maji. Alijua sasa, na kujua hakukumsaidia kitu. Alimwonea mzee huruma, na wakati huohuo alikuwa na hasira naye, maana alikuwa amemwita binti yangu huku akimwacha azame. Saa tano na nusu alimwomba mzee waende pamoja kwa mhariri. Filimbi alikubali bila kuuliza kwa nini.

"Mama," Chuo alisema mlango ulipofungwa, "Jumamosi nahodha hakucheza. Muulize Fleshi, alikuwa uwanjani nasi, ana picha yake akiwa benchi. Ripoti ya mzee inasema aliuokoa mpira."

"Nilimwona kwa macho yangu," Filimbi alisema.

"Mzee, redio ndiyo iliyomwona. Mtangazaji alikosea, na wewe ukakosea pamoja naye." "Kocha alikunyooshea mkono, nawe ukampita. Hukumnyima. Hukuuona. Na maneno hayo yamo ndani ya rekoda, mwisho kabisa, na leo mama angeyasikia."

Filimbi akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaitoa rekoda, akaiweka mezani.

Alieleza taratibu, kama anayesimulia mechi ambayo matokeo yake yanajulikana. Mwaka wa pili sasa macho yanamfifia. Jezi zote uwanjani zimekuwa rangi tu zinazotembea. Kuacha kazi hakuweza, kwa sababu hakujua yeye ni nani asipokwenda uwanjani. Asubuhi hiyo alikusudia kufuta yale maneno ya mwisho tu na kuirudisha rekoda mahali pake, lakini haikuwaka, na hakuweza kuona kama imeharibika au yeye ndiye anabonyeza mahali pasipo penyewe. Kumbe betri zilikuwa kwa Fleshi. Kabla hajaamua la kufanya, mhariri alikuwa ameingia na kuivuta droo.

"Na huyu mtoto?" mhariri aliuliza. "Ungemwacha?"

"Kila dakika nilijiambia nitasema dakika inayofuata," Filimbi alijibu. "Sina utetezi."

Fleshi aliitwa na betri zake. Rekoda ikawaka, na sauti ya kocha ikajaa chumbani: anaondoka, amechoka, waandike hivyo. Mhariri alimpigia msemaji wa klabu, akaisogeza simu karibu na rekoda, naye msemaji akasikiliza, akasema hakuna tena haja ya kuombwa radhi. Zilikuwa zimebaki dakika kumi kufika saa sita. Hakuna aliyekumbuka kuizima rekoda. Kocha alicheka, akasema mzee wenu leo kaninyima mkono, nimemfanya nini? Kisha ikaja sauti ya msichana, nyepesi, isiyofikiri.

"Labda hakukuona tu."

Kumbe jibu Chuo alikuwa amelisema mwenyewe tangu Jumamosi, akalipita, akahangaika kulitafuta asubuhi nzima.

Filimbi aliinuka. Alimwambia mhariri kwamba atakusanya vitu vyake kabla ya jioni, na mhariri, ambaye macho yake yalikuwa mekundu, hakumzuia. Kisha mzee akamgeukia Chuo, akaomba msamaha kwa maneno machache na kunyoosha mkono wa kuaga. Aliunyoosha upande wa kiti, ambako hapakuwa na mtu.

Chuo akasogea hatua moja, akasimama pale mkono ulipokuwa, akaupokea.