Kadi Iliyolazwa Kifudifudi

Kasha la plastiki lilikuwa palepale juu ya kabati la vyombo, chini ya picha ya Bikira Maria. Skrubu zake zilikuwa zimewekwa kwenye kisahani cha chai, zisipotee. Ndani ya kasha, pale ilipokaa kadi moja kwa miaka zaidi ya arobaini, mtu alikuwa amelaza kadi nyingine, kifudifudi.

Inspekta Jeptoo alisimama mbele ya kabati akijikuna kiganja. Hakulipenda jambo hili tangu alipovuka kizingiti. Mlango haukuvunjwa. Droo hazikupekuliwa. Saa ya dhahabu ya mwenye nyumba ilikuwa kando ya kasha, na mwizi hakuigusa.

"Mwizi mwenye adabu," alisema Konstebo Sean, akipiga picha.

"Kwa nini ameacha kadi nyingine?"

"Ili watu wasigundue upesi."

"Basi angeiweka uso juu. Anayetaka kudanganya macho haonyeshi mgongo wa kadi."

Sean alivitia vitu vyote katika mifuko ya vielelezo, akavipeleka garini kabla mwenye nyumba hajatoka chumbani.

Mwenye nyumba aliitwa Jovito Rebello, Mgoa aliyezaliwa Kisumu, karani mstaafu, mkusanyaji wa kadi za picha za wachezaji tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kadi iliyoibwa ilikuwa ya golikipa wa hoki ya barafuni, Lucien Vaudrin, marehemu sasa. Ilikuwa na saini yake, na juu ya saini maneno mawili: Kwa Yolanda. Wakusanyaji wa hapa Toronto waliijua kadi hiyo kama waumini wanavyoijua kengele ya kanisa lao.

Yolanda mwenyewe, binti yake, alikuwa amekaa kwenye kochi, macho mekundu. Alikuwa muuguzi, na ndiye aliyewaita polisi. Kiswahili alikielewa chote, ila alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliozaliwa huku.

"Nani walikuwa hapa leo?" Jeptoo alimuuliza.

"Mimi na Baba. Uncle Hussainali, rafiki yake. Huja kula nasi kila Jumapili tukitoka kanisani, ingawa yeye ni Mwislamu. Na Brice, fundi wa jengo, alikuja kuziba bomba la bafuni."

"Baada ya kula?"

"Baba alikwenda kulala. Mimi niliosha vyombo. Uncle alisinzia hapa hapa, kisha akaniaga. Nilipokuja kufuta kabati nikaona."

"Kulikuwa na ugomvi wowote juu ya kadi hiyo?"

Yolanda alikunja kitambaa cha vyombo mara mbili, akakikunjua.

"Baba anahamia kwangu Pickering mwisho wa mwezi. Nilitaka kesho kuipeleka kwa wataalamu. Wanachunguza kadi, wanachunguza saini, wanaifungia kwenye kasha lao. Bila hivyo huwezi kuikatia bima. Yeye hakutaka hata kusikia. Tuligombana jana, na leo mezani tena."

Mlango wa chumbani ulifunguka. Mzee Jovito alisimama pale na sweta lake la vifungo, hakulitazama kabati, hakumtazama mtu.

"Sitaki kesi," alisema kwa Kiswahili.

"Mzee, kadi yako imeibwa."

"Imekwenda, imekwenda. Sitaki kesi."

Alitoa mfukoni ufunguo aliopewa wa nyumba ya Pickering, akautia kiganjani mwa binti yake.

"Na Pickering sihamii."

Yolanda aliufumba mkono. Jeptoo aliusoma uso wake. Mzee alikuwa ameshaamua mwizi ni nani, na binti alikuwa ameshajua kwamba baba yake ameamua.

Siku zilizofuata Jeptoo hakutulia. Alipanda na barabara ya Kipling, akashuka na ya Islington, chai ikimpoea garini, barabara zote tope la theluji. Kwa Jeptoo, mzee asiyetaka mwizi wake atafutwe alikuwa tatizo kubwa kuliko mwizi.

Brice alitoa maelezo yake bila kusitasita.

"Mimi nilikuwa bafuni, Inspekta. Bomba linavuja, ninaliziba, ninatoka. Kadi ya nini? Hoki yenyewe siijui. Kwetu Bukavu tunacheza mpira wa miguu."

"Ulimwona nani sebuleni?"

"Mzee mmoja kwenye kochi, amefumba macho."

Maabara ilileta majibu. Kwenye kasha, alama za vidole za Jovito na Yolanda, basi. Kwenye kadi iliyoachwa, hakuna alama usoni wala mgongoni, ila mikwaruzo hafifu kwenye kingo. Aliyeishika aliishika kwa kingo tu.

"Fundi wa bomba hashiki kadi hivyo," Jeptoo alisema.

"Basi ni binti," Sean akajibu. "Amekulia kwenye kadi. Baba hataki ichunguzwe, binti anaichukua. Bosi anataka aitwe kituoni Alhamisi, ahojiwe kama mtuhumiwa."

Jeptoo alilitazama jalada mezani. Angemwita Yolanda kituoni kama mtuhumiwa, mzee yule angepata uthibitisho wa anachokiogopa, na hakuna hakimu ambaye angeweza kumwondolea tena. Jumatano akarudi nyumbani kwa mzee, Etobicoke, peke yake.

Mzee Jovito alikuwa dirishani. Alifungua pazia, akalifunga, akalifungua tena.

"Binti, nimeshasema," alimwambia Jeptoo.

"Umesema, mzee. Sasa niambie sababu."

"Kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi nguo yangu ni moja tu."

Jeptoo alikaa bila kukaribishwa. Hakumbishia, mzee aliyekasirika habishiwi. Akamuuliza kadi zilimwingiaje.

Mzee alicheka kidogo, bila kutaka.

"Sisi Wagoa tulicheza hoki Kenya, juu ya murram ya changarawe, magoti yote makovu. Nikafika huku nikaona wanaicheza juu ya barafu. Nikasema hawa wana wazimu. Mwaka uliofuata nikawa mwendawazimu mwenzao."

"Na maonyesho ya kadi?"

"Ya kwanza hayakuwa haya ya leo, ya taa kali na walinzi. Yalifanyika katika chumba cha chini ya hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Meza za kukunja, moshi wa sigara, harufu ya chingamu, maana zamani kadi ziliuzwa pamoja na chingamu. Humo ndimo nilimokutana na Hussainali. Alikuwa akibishana na Mzungu. Mzungu alipogeuka, akasema chini chini, 'Mshenzi huyu.' Nami nikamwambia nyuma yake, 'Na anakusikia.' Aliruka huyo! Mtu wa Tanga, hajasikia Kiswahili tangu ashuke kwenye ndege."

Pazia alikuwa ameliacha. Alikaa.

"Siku aliyozaliwa Yolanda, Vaudrin alikuwa anakuja kusaini kadi kwenye maonyesho. Savia, marehemu mke wangu, akashikwa uchungu asubuhi ile ile. Nikampa Hussainali kadi yangu, nikamwambia, piga simu hospitali, akiwa msichana jina ni Yolanda. Jioni akaja nayo wodini. Kwa Yolanda. Nililia kuliko mtoto."

Uso wake ukaingia kiza tena. Jeptoo hakutaka anyamaze.

"Na mlikuwa mnaaminianaje mle chini ya hoteli?"

"Eh, kulikuwa na desturi. Chumba kilikuwa na mwanga haba. Ukitaka kukagua kadi ya mtu, unaipeleka kwenye ngazi penye taa. Lakini huiachi meza ya mtu wazi. Unaweka kadi yako mahali pake, uso chini. Maana yake, nitarudi. Hussainali akaiita rehani. Wazungu wote wakashika neno, rehani, rehani, hata hawajui walisemalo."

Kalamu iliacha kuchezacheza mkononi mwa Jeptoo.

"Yolanda anaijua desturi hiyo?"

"Ataijulia wapi? Ilikufa kabla hajaanza shule. Yalikuja makasha ya kioo, ikafa."

"Mzee, kasha lako hukuliona baada ya wizi. Tulilichukua ukiwa chumbani."

"Nilione la nini? Niliambiwa ni tupu."

Jeptoo alimwonyesha picha ya kasha kwenye simu. Mzee aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Halikuwa tupu," alisema.

"Walio hai wanaojua rehani ni wangapi?"

"Wengine tumewazika. Tumebaki wawili." Alifunika uso kwa viganja. "Na mimi nilikuwa nimelala. Ee Mungu wangu, mwanangu. Nimemfanya nini mwanangu?"

Hussainali Merali alikuwa akiishi Rexdale, peke yake, katika nyumba iliyonukia tangawizi. Alimkaribisha Inspekta kwa chai na maneno mengi ya Tanga. Jeptoo aliinywa chai akiwa amesimama.

"Jumapili ulisinzia, mzee?"

"Nilisinzia, bibie."

"Muda gani?"

"Usingizi wa mzee haupimwi."

"Ulipoondoka, kadi ilikuwapo?"

"Sikutazama."

Jeptoo alitoa mfuko wa kielelezo, akauweka mezani, kadi uso chini. Mkono wa Hussainali ulikwenda wenyewe. Uliuvuta ule mfuko taratibu mpaka kadi ikalingana na ukingo wa meza, na vidole vilishika kingo tu.

"Umeacha rehani, mzee. Ulitaka kurudi lini?"

Hussainali aliuangalia mkono wake kana kwamba si wake.

"Mazoea yana taabu," alisema mwishowe. "Nimelifungua kasha kwa sarafu na leso, lisichafuke, nikachukua ile, mkono ukaweka hii. Huwa naibeba mfukoni tangu siku hizo. Nimekuja kukumbuka nikiwa ndani ya basi."

"Kwa nini ulichukua?"

"Kwa sababu ya hao wataalamu."

"Wangeona nini?"

Mzee alikisogeza kikombe kando. Chai yake hakuigusa.

"Vaudrin hakuisaini. Nilipanga foleni, foleni ndefu. Nikatoka kupiga simu hospitali. Niliporudi, amekwenda zake. Nikakaa kwenye ngazi na kadi ya watu mkononi. Mwenzangu amepata mtoto, naingia wodini na nini? Nikatoa kalamu."

"Ukaandika wewe."

"Jina la mtoto, na saini. Nilidhani ataitia sandukuni, yaishe. Yeye akaiweka chini ya Mama Maria. Kila mwaka wakusanyaji tukikutana anasimama kuwasimulia, nami niko pembeni, natikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Miaka yote hiyo natikisa kichwa. Jumapili Yolanda akasema mezani kesho saini itachunguzwa. Tonge likanikwama."

"Uliogopa nini? Sheria?"

"Sheria?" Alicheka kwa uchungu. "Niliogopa Jovito. Sina mwingine hapa."

"Unajua anamshuku nani?"

"Si yule fundi?"

"Binti yake. Amemrudishia ufunguo wa nyumba."

Hussainali aliinuka, akakaa, akainuka tena. Kadi ya Vaudrin ilikuwa katika mfuko wa ndani wa koti lililotundikwa mlangoni, imefungwa kwa leso safi. Alivaa koti hilo, vifungo vikamshinda.

"Nipeleke," alisema.

Jovito alikuwa amekaa mezani walipoingia. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya Yolanda akifungua makabati. Alikuja kila jioni kumpikia, alaumiwe asilaumiwe. Hussainali aliweka leso mezani, akaifungua, akasema yote aliyoyasema Rexdale, bila kujitetea.

Jovito alimsikiliza hadi mwisho.

"Saini nilijua," alisema.

Jeptoo alimgeukia.

"Kila Krismasi unamwandikia Yolanda salamu, Hussainali. Ile Y yako ina mkia kama wa ng'ombe. Mwaka wa tatu tu nikajua. Mbona sikusema? Kwa sababu uliketi ngazini ukanifikiria. Unadhani nilikuwa nakataa wataalamu kwa ajili ya nani?"

Hussainali aliivuta leso kutoka chini ya kadi, akaikunja.

"Hilo halina kesi," Jovito aliendelea. "Lakini siku hizi zote nimemtazama mwanangu kama mwizi. Amenipikia, nikala chakula chake nikimwita mwizi moyoni. Hilo nalipeleka wapi?"

Alimwomba Jeptoo ile kadi ya kielelezo. Mwenye kadi hakutaka kesi, na Jeptoo hakuwa na haja tena ya kadi kuukuu yenye pembe zilizolika. Jovito aliilaza mezani, uso chini.

"Rehani yako inakaa hapa. Hutaichukua mpaka umwambie Yolanda kwa kinywa chako."

Yolanda alitokea na sufuria mkononi. Aliona kadi mbili, akaona sura za wazee wawili, akaweka sufuria chini polepole.

"Jina lako niliandika mimi," Hussainali alimwambia. "Na kadi nilichukua mimi. Nilimwonea haya baba yako, nikakuponza wewe."

Yolanda aliichukua kadi yenye jina lake, akapitisha kidole juu ya mkia wa ile Y. Kisha akaiokota ile ya rehani, akaitia mkononi mwa Hussainali, na kwa mara ya kwanza Jeptoo akamsikia akisema Kiswahili, cha kuvunjikavunjika.

"Chukua yako, Uncle. Hii ni yetu."

Akamgeukia baba yake. Alingoja aseme mwenyewe.

"Nilidhani ni wewe," Jovito alisema.

"Najua, Baba."

Mzee alipapasa mfuko wa sweta, kama mtu aliyesahau kwamba ni mtupu.

"Ule ufunguo bado unao?"