Dirisha la Mwisho Kwenye Safu

Seleina alikuwa anafunga kilemba. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu, vidole vimeshika kitambaa nyuma ya kisogo, wala hakuna kilichokuwa kimeigusa kompyuta. Ndipo ikasikika: tak-tak. Kitufe cha Alt na kitufe cha Tab vilibonyea vyenyewe, na kwenye kioo mkataba wa shamba la Malolo ukaondoka, kadi ya kipaimara ikaja mbele.

Mama Verdiana aliona. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja akisali rozari, na vidole vikasimama kwenye shanga. Hakupiga kelele. Hata kuogopa hakuogopa, na hapo ndipo ubaya wote ulipoanzia. Moyo wake uliruka kwa furaha, kwa sababu mlio ule aliujua. Kilosa nzima hakuna aliyegusa vitufe vile namna ile, kwa wepesi, kama mtu anayebisha hodi kwa ndugu yake, isipokuwa binti yake Loveth. Na Loveth alikuwa kaburini tangu masika.

Steshenari ile ilikuwa ya Loveth, chumba kimoja karibu na stesheni ya reli, chenye mashine ya kutolea kopi na laptopu moja. Alikuwa akifungua kazi za wateja wengi kwa pamoja, barua ya huyu, mtihani wa yule, kadi ya harusi ya mwingine, na kuruka kutoka moja hadi nyingine bila kugusa mausi.

"Mausi tuwaachie wastaafu," alimwambia Seleina alipokuwa anamfundisha kazi. "Shikilia Alt kwa gumba. Usiachie. Sasa gusa Tab. Umeona? Madirisha yote uliyofungua yamejipanga safu. Endelea kugusa mpaka ufike unalotaka, kisha achia gumba. Mkono hauondoki kwenye herufi, na akili haiondoki kwenye kazi."

Seleina, binti wa wafugaji wa huko mbugani, alicheka akajaribu, akapitiliza, akajaribu tena.

Kisha mvua zikaja. Loveth alipeleka ratiba za ibada Mikumi, na wakati wa kurudi, kabla ya kufika kijiji cha Ulaya, walikuta maji yamevuka barabara. Dereva wa bodaboda alidhani patapitika. Yeye alitoka majini mzima. Loveth walimpata kesho yake kwenye matete, viatu bado viko miguuni.

Babu zake Verdiana waliletwa Kilosa kukata mkonge, wao na watu wa makabila mengine mengi, na kwa kuwa walikuwa wanafia mbali na kwao walijiwekea desturi yao kambini. Siku ya kuanua tanga, nguo za marehemu zinagawiwa. Lakini zana yake ya kazi, iwe panga au jembe au cherehani, inakabidhiwa mtu mmoja mbele ya watu, kwa kutajwa jina. Zana isiyotajiwa mwenyewe, walisema wazee wa kambini, inaendelea kumwita aliyeiacha, na anayeitika si lazima awe yeye.

Verdiana aliijua desturi hiyo tangu utoto. Aligawa magauni ya Loveth, viatu, hata godoro. Laptopu aliizungushia kanga akaisukuma chini ya kitanda. Hakuizima. Ilikuwa imelala tu, waya wake wa umeme umechomekwa, na ndani yake kazi zote alizoziacha Loveth zilikuwa bado wazi, nusu nusu, kama alivyoinuka akaziacha asubuhi ile. Ndugu walipouliza, alisema imeharibika. Duka lilipofunguliwa tena aliirudisha mezani akamwambia Seleina, "Fanya kazi, mwanangu. Ila alivyoviacha mwenzako usivifunge."

Hakumkabidhi. Alimwazima tu.

Baada ya siku ile ya kilemba, Verdiana hakukosa dukani. Alikuja mapema, akakaa kwenye benchi, akasikiliza. Tak-tak. Wakati mwingine ni Seleina aliyebonyeza, wakati mwingine siye, na kadiri siku zilivyokwenda ilikuwa shida kutofautisha, maana mkono wa kushoto wa binti yule ulianza kwenda mbio za ajabu. Hata wateja walisema. Mwalimu Ditram, aliyeleta mitihani yake kuchapwa, alisimama nyuma ya kiti akaguna.

"Wewe binti, hivyo vidole ni vyako au umeazima kwa mashetani?"

"Ni mazoezi, mwalimu," alisema Seleina, bila kucheka.

"Mazoezi gani hayo? Mimi herufi A naitafuta mpaka chai inapoa." Akanusa. "Na humu ndani kuna nini kinanuka? Kama tope la mtoni. Mama Loveth, hebu angalieni, pengine panya amefia kwenye dari."

Verdiana alisema ataangalia. Hakuangalia. Alikuwa ameshaisikia harufu ile, harufu ya matete yaliyooza, na aliikubali, kama mtu anavyokubali kikohozi cha mgonjwa wake usiku, kwa sababu anayekohoa bado yupo.

Siku moja asubuhi Seleina aliingia, akamwamkia, akainamisha kichwa aguswe, kama wanavyoamkia wadogo kwao. Verdiana akaweka kiganja utosini.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepoa hivyo?"

Binti hakuinua kichwa. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, kuna dirisha silijui."

"Dirisha gani?"

"Kwenye safu. Jeusi, halina jina. Nilipoliona mara ya kwanza lilikuwa la mwisho kabisa, baada ya kazi zote. Sasa linasogea."

"Linasogeaje?"

"Ile safu haijipangi hovyo, mama. Dirisha ulilotumia karibuni ndilo linakaa mbele. Usilotumia linarudi nyuma. Ili lile lisogee, lazima kuna mtu analitumia. Na siyo mimi. Likifika la pili, nikigusa Tab mara moja tu, ndilo litafunguka."

Verdiana alimwomba amwonyeshe. Seleina alishikilia Alt kwa gumba, akagusa Tab, na madirisha yakajipanga katikati ya kioo, madogo madogo kama picha za pasipoti. La nne lilikuwa jeusi. Verdiana alivaa miwani akasogeza uso. Ndani ya weusi ule aliona chumba kile kile walichokuwamo, meza ile, kiti kile, na juu ya kiti mtu amekaa, amewapa mgongo. Mgongo aliujua. Ndio aliokuwa akiufunga kwa kanga Loveth alipokuwa mchanga.

"Mama, nimfuate katekista?" alinong'ona Seleina.

"Bado," alisema Verdiana. "Endelea na kazi."

Neno hilo alilisema tena kesho yake, na keshokutwa. Dirisha likafika la tatu, na mtu wa kwenye kiti akawa amegeuza kichwa kidogo, kiasi cha kuonekana ncha ya sikio. Verdiana hakulala wala hakula. Alilokuwa akilitaka duniani ni uso ule ugeuke. Upande wa pili wa meza, mkono wa kushoto wa Seleina ulibadilika rangi ukawa kama wa mtu aliyeshinda kwenye maji, kucha za buluu, ngozi imekunjamana, na binti aliufunika kwa shuka wateja wasiuone.

Mama Ziada, jirani aliyeuza vitumbua mlango wa pili, ndiye aliyelifunua lile shuka. Alimletea Seleina chai, akaona kikombe kinamponyoka, akaushika ule mkono. Aliuachia papo hapo.

"Audhubillahi! Mama Loveth! Mkono wa mtoto wa watu unakufa, na wewe umekaa hapo unahesabu shanga?"

"Punguza sauti, Mama Ziada."

"Sipunguzi! Msiba wako nimeulia na wewe, nimepika uji wa matanga kwa mikono hii. Lakini wazazi wa huyu wako huko na ng'ombe wao wanajua wamekukabidhi mwana. Utawapelekea nini? Maiti nyingine?" Kisha akakaa karibu yake, na sauti ikashuka yenyewe. "Dada yangu. Loveth alimpenda huyu. Loveth unayemjua angemfanyia hivi?"

Swali lile lilimwingia Verdiana mahali ambapo rambirambi zote hazikufika. Alilia bila sauti. Kisha akasema, "Mwiteni Thadeo."

Katekista Thadeo alikuja alasiri na chupa ya maji ya baraka. Babu yake naye alikata mkonge.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," walijibu.

Aliangalia mkono, akanusa hewa, akasikiliza tak-tak kutoka mezani ambapo hapakuwa na mtu. Akamgeukia Verdiana.

"Hii laptopu ulimkabidhi nani siku ya tanga?"

"Sikumtaja mtu," alisema Verdiana.

"Basi hilo ni jini, mama, jini la mtoni. Limekuta nyumba haina mwenyewe na mlango uko wazi, likaingia, likavaa mazoea ya mtoto wako. Mimi nitasali. Lakini mlango anaufunga aliyeuacha wazi, ni wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Yafunge yote."

Nje mvua ilikuwa imekusanyika na chumba kikaingia kiza kabla ya saa ya kiza. Verdiana aliketi kwenye kiti cha binti yake. Hakuwahi kukikalia. Seleina, amejikunja kwenye benchi, alimwelekeza kwa sauti iliyokuwa ikififia: Alt na F4 ni kufunga, kompyuta ikiuliza kama ihifadhi, Y ni ndiyo, N ni hapana.

Akafunga mkataba wa shamba. Ikauliza, akajibu ndiyo. Akafunga kadi ya kipaimara, na barua ya kuomba kazi ya kijana asiyemjua, na kila alipofunga aliona mstari wa mwisho ulipokatikia, pale vidole vya mwanawe viliposimama, na ilikuwa kama kumfumba macho upya, jicho moja moja.

Likabaki jeusi peke yake.

Halikungoja aliite. Lilifunguka likajaza kioo chote, na harufu ya matete ikapanda mpaka Mama Ziada akaziba pua kwa mtandio, na Thadeo akainua sauti ya sala, na kule ndani yule aliyekaa akaanza kugeuka, polepole, bega kwanza, kisha shavu, kisha kidevu chenye kovu dogo la kuanguka kisimani alipokuwa mtoto, na maji yalikuwa yakimtiririka kwenye nywele, na alikuwa Loveth, Loveth mzima bila kasoro, na midomo ikafunguka na sauti ikatoka, si kwenye kompyuta, ila karibu na sikio la Verdiana, pale pale alipokuwa akinong'onezewa siri za mtoto, ikisema, "Mama, huku giza, usinifungie," na mkono wa kushoto wa yule wa ndani ukaunyoshea kioo vidole, wenye joto na rangi nzuri ya mtu aliye hai, wakati huo huo Seleina kwenye benchi akitoa mlio kama wa ndama na kichwa chake kikaanguka kifuani.

Verdiana aliuangalia ule uso mpaka akaujua wote. Kisha akabonyeza Alt na F4.

Kompyuta ikauliza kama ihifadhi.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana," alisema Verdiana, "na mwanga wa milele umwangazie." Akabonyeza N.

Kioo kikazima. Mvua ikashuka juu ya mabati, na harufu ikaondoka kama mtu anayetoka bila kuaga. Thadeo alinyunyiza maji pembe zote za chumba. Verdiana aliinuka, akaifunga laptopu, akaishika kwa mikono miwili na kusema kwa kusikika, mbele ya wale waliokuwapo, kwamba zana hii ilikuwa ya Loveth binti yake, aliyefariki, na kuanzia leo ni ya Seleina. Akaiweka mapajani mwa binti.

Baadaye, Thadeo alipokwenda na Mama Ziada alipokimbilia jiko lake lisizimwe na mvua, Verdiana na Seleina walibaki kwenye benchi. Seleina alikuwa akikunja vidole na kuvikunjua.

"Mama, ulimwona uso?"

"Nilimwona."

"Alikuwa ni yeye?"

Verdiana aliuchukua ule mkono wa kushoto, akauweka katikati ya viganja vyake, akaukalisha hapo muda mrefu, mvua ikinyesha.

"Mkono wako una joto," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Una joto, mwanangu."